Majani ya Farasi wa Ahabu

Neno kuu: 1 Wafalme 18:1–6. Soma pia 1 Wafalme 17:8–16, Kumbukumbu la Torati 21:1–9 na Mithali 12:10.

Jumapili iliyopita tulisoma habari ya njaa ya Samaria, na baada ya ibada vijana walinizunguka pale mlangoni na maswali mengi hadi mama wa jikoni akalalamika chai inapoa. Nikawaahidi nitaandika kwa urefu kidogo. Ndiyo hii.

Mwaka wa tatu mvua haijanyesha. Njaa imekaza Samaria. Ahabu anamwita Obadia, msimamizi wa nyumba yake. Wewe mpendwa, kama ungekuwa Obadia, ungetarajia mfalme aseme nini? Ungetarajia aulize unga umebaki kiasi gani, au ni vijiji gani watu wameanza kufa. Ahabu anamwambia twende tukapite kwenye chemchemi zote na mabonde yote, labda tutapata majani, farasi na nyumbu wasitufie. Wakagawana nchi: mfalme njia yake, Obadia njia yake. Mfalme mwenyewe ametoka, kanisa! Ametoka nje juani kutafuta majani. Kwa ajili ya watu wake Biblia haituambii alitoka hata hatua moja.

Rudi sura moja nyuma. Kule Sarepta, nchi ya Sidoni, upande wa wakwe zake Ahabu, kuna mama mjane anaokota vijiti viwili apike konzi ya mwisho ya unga, wale yeye na mwanawe, kisha wangoje kufa. Weka hizo picha mbili pamoja. Mama anatafuta kuni, mfalme anatafuta majani ya farasi, na wote wako kwenye njaa moja.

Kwa nini farasi? Kwa sababu siku zile farasi alikuwa ndiye jeshi, na ndiye heshima. Kuna jiwe la mfalme wa Ashuru, Shalmanesa wa Tatu, linalotaja vita vya Karkari mwaka 853 kabla ya Kristo, na limemwandika Ahabu wa Israeli kuwa alikuja na magari ya vita 2,000. Elfu mbili! Ndiyo maana Mungu alikuwa amekwisha kuonya katika Kumbukumbu la Torati 17:16 kwamba mfalme asijizidishie farasi. Sulemani alisoma andiko hilo akalipita. 1 Wafalme 10 inatoa hadi bei: farasi mmoja kutoka Misri shekeli 150 za fedha, gari 600. Farasi alikuwa mali ya wakubwa tangu zamani, na mpaka leo bado ni hivyo.

Sisi wa Kambi Muru si wageni wa farasi. Ukipita Jamhuri utokee Ngong Road, uwanja wa mbio za farasi uko pale tangu 1954. Mbio ni Jumapili, saa ambazo wengi wetu bado tuko kwenye maombi. Kuna mzee wa kanisa hili aliyekuwa saisi miaka mingi, katika zizi la tajiri mmoja ambaye hakunitajia jina wala mimi sikumuuliza. Aliniambia, "Pasta, farasi akikohoa usiku daktari anaitwa usiku huo huo. Mimi nikikohoa naambiwa ninywe maji moto." Alisema hivyo akicheka. Halafu akanieleza farasi aliowapenda, jina kwa jina, kama mtu anayeeleza wajukuu.

Niseme mapema mtu asije akaninukuu vibaya: farasi hana kosa. Soma Ayubu 39 uone Mungu mwenyewe anavyomsifu, jinsi anavyochimba bonde kwa kwato na kucheka hofu. Na Mithali 12:10 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Yule mzee wetu amelitimiza andiko hilo kuliko wengi waliokuwa na hati ya kumiliki farasi. Ninachozungumzia ni pesa inayokaa mgongoni mwa farasi.

Sasa twende kwa jambo la karibu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, watu wa gari la maziwa walikuwa wakielekea mjini kupitia Ngong Road, sehemu za Karen. Waliona gari aina ya Buick limetoka barabarani, taa zinawaka. Ndani mlikuwa na mzungu ameuawa kwa risasi ya kichwa. Huyo alikuwa Lord Erroll, jina lake Josslyn Hay, miaka 39, mmoja wa wakubwa wa koloni hii na ofisa wa mambo ya vita. Alikuwa akitembea na Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton. Hao wawili walikuwa wameoana Novemba 1940 tu, bwana akiwa na miaka 57 na bibi 27. Hata miezi mitatu haikuwa imekwisha!

Huyu Broughton alikuwa mtu wa farasi wa mbio na kamari. Alirithi mashamba makubwa Uingereza, na sehemu kubwa ya hayo aliiuza kulipa madeni. Mwaka 1939 michoro yake ya thamani na lulu za nyumbani "ziliibwa," bima ikalipa, na watu wakashuku ni yeye alipanga wizi huo. Basi Machi 1941 akakamatwa kwa mauaji ya Erroll. Kesi ilisikizwa Nairobi, na tarehe 1 Julai 1941 wazee wa baraza, wazungu wote, wakasema hana hatia. Desemba 1942 alijiua kwa dawa huko Liverpool. Mpaka leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya kifo kile. Bibi Diana alibaki Kenya, akaolewa tena, akaolewa tena, akawa Lady Delamere, na kwa miaka mingi alikuwa mtu mkubwa katika mbio pale Ngong Road akiwa na farasi wake. Alifariki 1987.

Vitabu vimeandikwa na sinema ikatengenezwa. Kila mtu anauliza nani aliua. Mimi nilipokuwa nikiandaa neno hili nilijiuliza kitu kingine. Januari 1941 ile ile, vijana wa Kiafrika wa KAR, wengine wametoka kwa familia za Wanubi wa hapa hapa Kibera, walikuwa wanaingia Somalia kupigana na Waitaliano. Februari 25 Mogadishu ikaanguka. Wengine hawakurudi. Hapo ndipo koloni yote ilikuwa imekaza macho kwenye kesi ya ndoa ya mabwana wawili. Wale watu wa gari la maziwa, waliokuwa wa kwanza kuona maiti na kwenda kuripoti, uliza leo majina yao ni nani. Na Wanubi waliopigana, ardhi waliyowekewa 1918 ya zaidi ya ekari 4,000, mnajua ilivyomegwa. Hati ya jumuiya iliyotolewa Juni 2017 ni ya ekari 288. Nabothi wa 1 Wafalme 21 alikuwa na shamba moja tu la mizabibu, na mfalme mwenye magari 2,000 akakosa usingizi kwa sababu ya shamba hilo. Hilo tutalisoma siku nyingine.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 21. Mtu akikutwa ameuawa shambani na muuaji hajulikani, wazee watoke na kupima umbali kutoka kwa maiti hadi miji iliyo karibu. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake wachukue mtamba, waende bondeni, waoshe mikono mbele za Mungu na kuomba damu hiyo isihesabiwe juu ya watu. Nimelipenda andiko hilo tangu nikiwa shule ya Biblia. Mungu hakusema, "Hamjui muuaji, basi rudini nyumbani." Alisema pimeni. Hata usipoua, ikiwa damu imemwagika karibu na mlango wako, una kitu cha kufanya. Nairobi ya 1941 haikupima. Ilinunua gazeti tu.

Na hebu msifikiri ni habari ya wakoloni peke yao. Marekani, miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, kulikuwa na mtu anaitwa Tommy Burns. Kazi yake ilikuwa kuua farasi. Matajiri wenye farasi wa kuruka viunzi walimwajiri: farasi amekatiwa bima kubwa, ameanza kushindwa au hauziki, basi akifa mwenyewe analipwa. Burns alikuja usiku na waya. Ncha moja sikioni, nyingine nyuma, halafu anachomeka kwenye stima ya ukutani. Farasi anaanguka papo hapo. Asubuhi daktari anaona kama ni ugonjwa wa tumbo, maana farasi huuawa kirahisi na tumbo. Wenye farasi walimpa jina la utani, Sandman, yule wa hadithi anayewalaza watoto.

Desemba 1990 akamuua farasi anaitwa Charisma, bima dola 250,000. Mmiliki alikuwa George Lindemann mdogo, mwana wa tajiri mkubwa wa biashara ya simu. Baba ana mamilioni yasiyohesabika! Kijana hakuwa na njaa. Hakuwa na kodi ya nyumba. Alihukumiwa miezi 33. Februari 1991 huko Florida, farasi mwingine anaitwa Streetwise bima yake haikulipa kwa ugonjwa wa tumbo, kwa hiyo waya haukufaa, ilibidi ionekane ni ajali. Mwenzake Burns akamvunja mguu kwa mtaimbo. Polisi walikuwa wanawavizia, wakawanasa. Burns akaanza kutaja majina, na watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja: wamiliki, wakufunzi, hadi madaktari wa mifugo.

Na huo uchunguzi wenyewe haukuanza na farasi. Ulianza na mama mjane. Helen Brach, mrithi wa utajiri wa kampuni ya peremende, alipotea Februari 1977 na maiti yake haijapatikana hata leo. Kulikuwa na mwuza farasi, Richard Bailey, ambaye desturi yake ilikuwa kujipendekeza kwa wajane wenye pesa na kuwauzia farasi wabovu kwa bei ya farasi wa dhahabu. Brach alikuwa mmoja wao. Kwa makosa hayo Bailey alifungwa miaka 30 mwaka 1995. Yaani serikali ilitafuta mama mmoja ikakuta zizi zima linanuka.

Mwaka 1983 huko Ireland, farasi Shergar wa Aga Khan, yule yule ambaye utotoni aliishi hapa Nairobi na mwajua hospitali yenye jina la nyumba yao pale Parklands, aliibwa Februari 8 usiku na watu wenye bunduki. Wakaomba pauni milioni mbili. Hawakulipwa, na farasi hakuonekana tena. Mtu aliyewekewa bunduki, unadhani ni nani? Saisi. Akiwa nyumbani kwake, na watoto wake wakiona.

Kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni, "Pasta, sasa hayo yanatuhusu nini? Hakuna mtu Kambi Muru ana farasi." Swali zuri. Nikamwambia nipe simu yako. Akaificha mfukoni haraka! Sote tukacheka, lakini yeye alijua na mimi nilijua.

Wapendwa, hadi 2025 sheria ya kamari ya nchi hii ilikuwa ile ya 1966. Siku zile, ukitaka kubeti ilibidi uende, uvae vizuri, ulipe mlangoni, uone farasi kwa macho. Mtu wa Kibera alikingwa na umaskini wake. Leo hakuna mlango. Uwanja umekuja kitandani. Unabeti mechi ya Ureno ukiwa kwa choo. Unabeti kandege kanakopaa na kulipuka kabla hujabonyeza. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuzipa kampuni kadhaa leseni, tukashangilia, muda haukupita mambo yakarudi. Kile Broughton alikifanya kwa mashamba ya baba yake, kijana wetu anakifanya kwa pesa ya mjengo ya siku moja, na kwa mkopo wa simu juu yake. Roho ni ile ile. Tofauti ni kwamba Broughton ilimchukua miaka thelathini kumaliza, na wewe unamaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Na majani yanatafutwa. Hapa ndipo nilitaka tufike. Mtu aliyeshikwa na kubeti anakuwa kama Ahabu: nyumba ina njaa, naye anazunguka mabonde yote kutafuta majani ya farasi wake. Anakopa kwa shemeji. Anakopa kwa chama. Anamwambia mama mboga atalipa Ijumaa. Nguvu hiyo yote ya kutafuta, juhudi hiyo yote! Akiitumia kwa unga, nyumba ingekula.

Mwezi uliopita ndugu mmoja wa kanisa hili aliniletea bahasha. Yeye na mke wake wameniruhusu kuandika, bila jina. Ndani kulikuwa na shilingi 40,000. Akasema ni fungu la kumi, ameshinda 400,000. Nyinyi mnajua paa letu. Mnajua mvua ya Aprili tulivyohamisha viti hadi kwaya ikaimbia mlangoni. Nilishika ile bahasha na sitadanganya, nilihesabu mabati kichwani.

Nikamwuliza mama anajua? Akasema bado. Nikamwuliza pesa ya kubeti ilitoka wapi. Akanyamaza, halafu akasema aliuza cherehani ya mke wake.

Tuliketi wazee watano. Mmoja akasema Mungu anaweza kutakasa chochote, dhahabu ya Misri ndiyo iliyojenga hema. Ni kweli. Mwingine akafungua Kumbukumbu la Torati 23:18, kwamba kuna mapato yasiyoletwa nyumbani mwa Bwana. Ni kweli pia. Mimi nikawakumbusha Mathayo 27:6, jambo linaloniogopesha kama mchungaji. Makuhani walikataa kuziweka pesa za Yuda katika sanduku la hazina kwa sababu ni bei ya damu. Wakaonekana wasafi sana. Lakini zile pesa zilitoka kwao wenyewe! Mtu anaweza kukataa bahasha ili aonekane mtakatifu, huku yule mama akibaki bila cherehani. Kuosha mikono kwa Kumbukumbu la Torati 21 ni baada ya kupima. Kuosha bila kupima ni kwa Pilato.

Basi tukapima. Umbali kutoka kwa hiyo pesa hadi kwa watu walioumia. Wa karibu zaidi alikuwa mke wake. Halafu mwenye nyumba, miezi miwili. Halafu shemeji, halafu watu wawili wa chama. Zakayo katika Luka 19 hakujenga sinagogi kwanza. Alitaja maskini na wale aliowadhulumu. Tukamrudishia bahasha, tukamwambia fungu la kumi hutolewa kwa kilicho chako, na hiki bado ni cha watu. Mzee mmoja akaenda naye Toi kutafuta cherehani. Wakapata, nzuri kuliko ile ya kwanza.

Paa bado linavuja. Na ndugu yetu bado hajashinda kabisa. Wiki mbili zilizopita alianguka tena, akaja akaniambia mwenyewe usiku huo huo. Mke wake ndiye anayeshika simu yake sasa kuanzia saa moja jioni, kwa makubaliano yao. Tunaendelea naye.

Kitu kimoja zaidi katika 1 Wafalme 18, msikiruke. Aya ya 4. Huyo Obadia aliyetumwa majani ya farasi, ndiye aliyekuwa amewaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akiwalisha mkate na maji. Alikuwa mfanyakazi wa Ahabu, alikula mshahara wa Ahabu, alitembea mabonde kwa ajili ya farasi wa Ahabu, na bado katika njaa ile ile alipata mkate wa watu mia. Kuna wengi kanisani humu mnafanya kazi kwenye nyumba za watu ambao mbwa wao wanakula kuliko sisi. Sijawaambia muache kazi. Obadia hakuacha.

Kuanzia Alhamisi hii saa kumi na mbili jioni, wazee wawili na mimi tutakuwa kanisani kwa yeyote anayetaka kusaidiwa kuhusu kubeti na madeni ya simu. Wake kwa waume, wazazi wa vijana pia. Njoo na simu yako na daftari la unaowadaiwa. Hatutaandika jina lako popote. Yule mzee wetu wa farasi ameomba awepo, anasema anawajua watu wa kamari tangu zamani na hawamshangazi. Milango inafungwa saa mbili na nusu ili watu wa Gatwekera na Kianda wafike nyumbani mapema.